Bambo kwa Ardhi Iliyochimbwa

Mnunuzi wa kahawa Butembo, au wa kakao Beni, hanunui gunia kwa kulitazama tu. Anashika bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, analichoma gunia juu, katikati na chini, kisha anamimina punje kiganjani na kuzichunguza. Muuzaji hakasiriki, kwa kuwa naye akienda kununua maharage atafanya hivyohivyo. Biashara ya miji hii miwili imesimama juu ya desturi hiyo: hakuna anayetandaza gunia zima chini, wala hakuna anayeamini punje za juu peke yake. Lakini ardhi iliyochimbuliwa kwa ajili ya dhahabu, ikisemekana kwamba imefukiwa na kupandwa upya, tunaipokea kwa kuitazama kutoka barabarani. Idadi ya miche inatajwa, picha inapigwa, mkono unapewa mkono, na mwenye shamba anarudishiwa ardhi ambayo hakuna aliyeipima. Ninachodai katika makala haya ni kwamba ardhi inastahili bambo lake. Bambo hilo lipo, ni rahisi kutumia, na linaitwa sampuli ya uoto. Bila hilo, neno “tumekarabati” halina uzito zaidi ya neno la muuzaji anayesifu gunia lake mwenyewe.

Tuanze na uharibifu wenyewe, kwa sababu namna ardhi inavyoharibiwa ndiyo inayoamua namna ya kuipima. Dhahabu inayofika kwenye nyumba za wanunuzi mjini Butembo hutoka kwa sehemu kubwa magharibi, katika mabonde ya wilaya ya Lubero upande wa Manguredjipa na sekta ya Bapere, kilomita zipatazo 100 kutoka mjini. Upande wa Beni, maeneo kama Mangina na Cantine nayo yamezoea kelele za pampu na milio ya sururu. Si jambo la jana. Kampuni ya kikoloni ya Minière des Grands Lacs, iliyoanzishwa mwaka 1923, ilichimba dhahabu katika nchi hii, na mwaka 1976 mali zake ziliunganishwa na za kampuni nyingine na kuzaa SOMINKI. Kampuni zilipoondoka, wachimbaji wa mikono walibaki, na wengine wakaja. Mchimbaji anayefuata dhahabu ya bondeni huondoa kwanza udongo mweusi wa juu, kisha udongo mwekundu, hadi afikie kokoto zenye dhahabu. Akishaziosha huzitupa kando, nazo huangukia juu ya ule udongo mweusi uliokwisha kutupwa. Ardhi inakuwa imepinduliwa kama nguo iliyogeuzwa ndani nje: kilichokuwa chini kiko juu, na kilichokuwa kikilisha mihogo kimezikwa.

Katika nchi ya kawaida kosa hilo lingekuwa baya; katika nchi ya milima ni baya zaidi. Butembo iko kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na mstari wa ikweta, na mvua huja kwa misimu miwili kila mwaka. Wakazi wake wanayajua makorongo, kwani wameyaona yakimeza njia na viwanja katikati ya mji. Tone la mvua likianguka juu ya jani huvunjika na kuteremka polepole. Likianguka juu ya udongo mtupu huupiga, huuchanganya na kuuondoa. Kwa hiyo uoto kwenye ardhi iliyofukiwa ndio paa la udongo, na mizizi ndiyo misumari yake. Majani yanayoanguka na kuoza ndiyo yanayotengeneza upya ule udongo mweusi uliopotea. Mtu akitaka kujua kama shamba litadumu baada ya mvua kumi kubwa, na aulize ni sehemu gani ya udongo imefunikwa, imefunikwa na nini, na kama kilichofunika kinazaa kizazi chake chenyewe. Maswali hayo matatu yana majibu ya hesabu. Swali tunalopenda kuuliza, yaani miche mingapi imepandwa, halijibu hata moja kati ya hayo.

Mfano ulio wazi kuliko yote katika Afrika Mashariki uko Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954 kilichimba mawe ya matumbawe na kuacha nyuma yake jangwa jeupe, lenye maji ya chumvichumvi chini na jua kali juu. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kujaribu kuirudishia nchi hiyo uhai. Alipanda aina 26 za miti, na baada ya miezi michache zilikuwa zimebaki aina tatu tu: mvinje, mnazi na mti wa Conocarpus, unaotoka pembe ya Afrika. Tuitafakari hesabu hiyo. Kama mgeni wa heshima angefika siku ya kupanda, angeandika ushindi wa aina 26. Aliyerudi baadaye na kuhesabu kilichokuwa hai ndiye aliyejua ukweli, na ukweli huo ndio uliookoa mradi, kwa sababu juhudi zilielekezwa kwenye mvinje, ambao mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyovuta naitrojeni kutoka hewani. Hata mvinje ulipostawi, uchunguzi haukukoma. Ilionekana kwamba majani yake membamba yanarundikana chini bila kuoza, basi wakaletwa majongoo wa kuyala na kuyageuza mbolea. Leo mahali hapo ni Haller Park, msitu wenye wanyama na wageni. Kilichoufikisha hapo ni tabia ya kurudi, kuinama na kuhesabu.

Lakini kuhesabu nini, na wapi? Hakuna mtu awezaye kuhesabu kila jani katika hekta mbili. Ndipo sampuli inapokuja, na hapa kuna kosa moja ambalo karibu kila mtu hulifanya kwa nia njema. Mpimaji anatembea shambani, anaona mahali panapofanana na “hali ya kawaida”, anaweka kiunzi chake cha kupimia hapo. Jicho la binadamu halina usawa. Huvutwa na penye majani mengi, au huvutwa na penye aibu, kutegemea anayelipa. Mpishi anayeonja mchuzi huukoroga kwanza, ili kijiko kimoja kiseme habari ya sufuria nzima. Ardhi haikorogeki. Kilichopo badala ya mwiko ni kura. Chukua shamba la hekta mbili, yaani mita za mraba 20,000, uligawe kwa kamba katika viwanja 200 vya mita 10 kwa 10, na kila kimoja ukipe namba. Andika namba hizo kwenye vikaratasi, vitie mfukoni, vitikise, mwite mtoto wa jirani achomoe 40. Viwanja hivyo 40 ndivyo utakavyovipima, hata kama kimoja kiko kwenye tope na kingine kwenye miiba. Kura haina ndugu wala haina tajiri wake, na kwa sababu hiyo inaaminika.

Katika kila kiwanja kilichochomolewa unaweka kiunzi cha mbao chenye upana wa mita moja kila upande, nacho unakifunga nyuzi zinazokigawa katika vijumba 100 vidogo vya sentimita 10. Unainama na kuhesabu: vijumba vingapi vimefunikwa na mmea hai, vingapi vina majani makavu, vingapi ni udongo mtupu, vingapi ni jiwe. Kwa vile vijumba ni 100, hesabu yako tayari ni asilimia. Unaandika pia majina ya mimea iliyomo. Kwa miti kiunzi ni kidogo mno, hivyo unatumia kiwanja chote cha mita 10 kwa 10 na kuhesabu miti iliyo hai, unene wake, na hasa miche iliyojiotea bila kupandwa na mtu. Mche uliojiotea ni ushahidi mzito kuliko miche kumi ya kitalu, kwa kuwa unaonyesha kwamba mbegu zimefika na udongo umezipokea. Kwa kazi yote hiyo hakuna mashine hata moja iliyohitajika. Mbao nne, uzi, kamba, daftari, na mtu anayejua majina ya mimea ya kwao vinatosha.

Tuchukue mfano wa hesabu ili tuone kura inavyobadilisha habari. Tuseme mpimaji wa kwanza ameweka viunzi vitano kando ya barabara na kupata asilimia 80, 75, 70, 85 na 80. Wastani wake ni 78, na ripoti itasema shamba limepona. Mpimaji wa pili, katika shamba lilelile, amepiga kura na kupata viunzi kumi vyenye asilimia 80, 70, 60, 45, 30, 20, 10, 5, 0 na 0. Wastani wake ni 32. Wote wawili wameandika walichokiona kwa macho yao, wala hakuna aliyesema uongo. Lakini wa kwanza amepima ukingo wa barabara, na wa pili amepima shamba. Tena namba za wa pili zinatoa habari ya ziada ambayo wastani peke yake unaificha: shamba hili si ardhi moja. Lina sehemu iliyoshika vizuri na sehemu isiyoota kitu, na bila shaka kuna sababu, labda rundo la kokoto zilizooshwa, labda mteremko mkali. Mtu mwenye namba hizo anajua jembe lake lielekee wapi kesho asubuhi.

Sharti kubwa la sampuli ni kukiri kadiri ya mashaka yaliyomo. Viunzi kumi ni vichache, hasa pale ambapo namba zinatofautiana kuanzia 0 hadi 80. Kwa kanuni za takwimu, viunzi hivyo kumi vinaturuhusu kusema tu kwamba wastani wa kweli wa shamba unaelekea kuwa kati ya asilimia 15 na 49, tukitaka uhakika wa asilimia 90. Nafasi hiyo ni pana mno kwa kuamua haki ya mtu. Tukipima viunzi 40 na kukuta tofauti za namna ileile, nafasi inapungua na kuwa kati ya 24 na 40. Sampuli ikiongezwa mara nne, mashaka hupungua nusu. Viunzi hivyo 40 ni mita za mraba 40 tu, sehemu moja katika 500 ya shamba zima, na bado vinatosha kutoa hukumu. Kama ardhi imechanganyika sana, ni bora kuigawa kwanza katika makundi, yaani mashimo yaliyofukiwa peke yake, marundo ya kokoto peke yake, kando ya mto peke yake, na kupiga kura ndani ya kila kundi. Mnunuzi wa kakao naye hachanganyi gunia la kakao iliyochachushwa vizuri na gunia la kakao mbichi halafu akatafuta bei moja.

Hata hivyo asilimia 32 peke yake haisemi kama ni nyingi au ni kidogo. Lazima iwepo ardhi ya kulinganishia: kipande jirani ambacho hakikuchimbwa, chenye mteremko na udongo wa namna ileile, kikapimwa kwa kura ileile na katika msimu uleule wa mvua. Marekani imeliweka wazo hili katika sheria. Sheria ya uchimbaji wa makaa ya mawe ya juu ya ardhi, iliyotiwa sahihi tarehe 3 Agosti 1977, inaitaka kampuni iweke dhamana ya fedha kabla ya kuchimba, na dhamana hiyo hairudishwi yote mpaka uoto uthibitike. Kanuni zake zinataka uoto ufikie angalau asilimia 90 ya kipimo kilichokubaliwa, na upimaji wenyewe uwe na uhakika wa kitakwimu wa asilimia 90. Kampuni hubeba wajibu kwa miaka mitano baada ya kupanda katika nchi zenye mvua, na miaka kumi katika nchi kavu. Turudi kwenye shamba letu la mfano. Kama kipande jirani ambacho hakikuchimbwa kimefunikwa kwa asilimia 70, basi asilimia 90 ya 70 ni 63. Shamba lenye 32, ambalo hata kwa ukarimu wote wa mashaka haliwezi kuvuka 40, halijapona. Hapo mabishano yanakwisha, na fundi wa ukarabati anajua bado anadaiwa.

Kwa Butembo na Beni, uchaguzi wa jirani wa kulinganishia unahitaji busara, maana nchi hii si moja. Nyanda za juu za Lubero zilikwisha kuwa mashamba na mikaratusi tangu zamani; mabonde ya Bapere na upande wa Mangina yanashuka kuelekea msitu mkubwa wa Ituri. Kumdai mtu wa nyanda za juu arudishe msitu ambao babu yake hakuukuta ni dhuluma, na kumruhusu mtu wa Bapere aridhike na nyasi mahali palipokuwa na msitu miaka mitano iliyopita ni dhuluma pia. Kila bonde lilinganishwe na bonde mwenzake.

Majina ya mimea yana uzito sawa na asilimia. Kiunzi kinaweza kujaa kabisa na bado kikawa na habari mbaya. Nyasi za Imperata zikitawala peke yake zinafunika udongo asilimia 100, lakini zinakaribisha moto na kuzuia miche ya miti. Kichaka cha Lantana kinapendeza kwa maua na kumfukuza mkulima. Kinyume chake, katika mabonde ya chini, mti wa Musanga, ambao kwa Kifaransa huitwa parasolier kwa kuwa majani yake yamekaa kama mwavuli, ukianza kujiotea ni dalili njema: huwahi kuingia mahali palipofyekwa, hukua upesi, huishi miaka michache kama ishirini, na chini ya kivuli chake miti mingine ya msitu hupata nafasi. Katanga inatufundisha somo kali zaidi. Kwenye vilima vyenye shaba nyingi huota mimea ya pekee kama Haumaniastrum, iliyozoea udongo ambao ungeua mahindi, na wanasayansi wameitumia hata kutambua mahali ambapo watu wa kale waliyeyusha shaba. Mtu anayeona kijani tu kwenye ardhi ile anaona uhai. Anayejua majina anasoma onyo. Kwetu sumu ya kuogopwa ni zebaki, ambayo wachimbaji hutumia kukamatia dhahabu. Uoto haupimi zebaki, na mboga ya lengalenga inaweza kuota kwa uzuri mahali penye hatari. Kwa hiyo palipooshewa dhahabu kwa zebaki, hesabu ya mimea lazima iende pamoja na kipimo cha udongo katika maabara. Bambo moja halitoshi kwa kila gunia.

Wapo watakaosema kwamba juhudi yote hii ni bure, kwa kuwa mvua yetu ni nyingi na ardhi hujiponya yenyewe. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Penye udongo wa juu uliobaki, na msitu ulio karibu wa kuleta mbegu, asili hufanya kazi kuliko kitalu chochote. Lakini hoja hiyo haiupingi upimaji, bali inauhitaji. Ukipima mashimo yaliyoachwa kwa mwaka mmoja, mitatu na kumi, utajua ni yapi yanajiponya na ni yapi yamekwama, na fedha kidogo zilizopo zitakwenda kwa yale yaliyokwama. Anayesema “itaota tu” bila kurudi kuhesabu hana imani na asili. Amepata kisingizio cha kuondoka. Na somo la kwanza ambalo kipimo kingetupa huenda likawa la gharama ndogo kabisa: kuweka udongo mweusi kando tangu siku ya kwanza ya kuchimba, na kuurudisha juu siku ya mwisho, pamoja na mbegu zilizolala ndani yake.

Wengine watasema kwamba mkulima wa Butembo hataki orodha ya majani, anataka mikaratusi, kwa kuwa mikaratusi ni nguzo, ni mbao, ni kuni za kuchomea matofali, ni makala, yaani makaa ya kupikia. Wana haki. Mradi wa EcoMakala, ambao shirika la WWF liliuanza mwaka 2007 kuzunguka hifadhi ya Virunga, ulijengwa juu ya ukweli huohuo: familia isiyo na miti yake mwenyewe itakata miti ya hifadhi. Sampuli haiwezi kumchagulia mwenye ardhi lengo. Inachodai ni kwamba lengo litajwe kabla ya kupanda, kisha lipimwe lilelile. Kama lengo ni mikaratusi, ihesabiwe iliyo hai na ipimwe unene, lakini kiunzi kiwekwe pia chini yake, kwa sababu safu nzuri za miti zinaweza kusimama juu ya udongo mtupu unaosombwa kila mvua. Kama lengo ni maharage, yapimwe mavuno na yalinganishwe na ya shamba jirani. Kama lengo ni msitu, zihesabiwe aina na miche iliyojiotea. Udanganyifu huanza pale lengo linapochaguliwa baada ya matokeo kuonekana.

Pingamizi zito kuliko yote ni vita. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wameuawa katika vijiji na mashamba yao. Mei 2021 jimbo zima la Kivu Kaskazini liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Na mauaji yamefika hata njia za Manguredjipa. Nani ataweka kiunzi cha nyuzi mahali ambapo mkulima anaogopa kwenda kuvuna? Jibu la kwanza ni kwamba hakuna mmea wenye thamani ya maisha ya mtu, na pasipo salama pasipimwe. Jibu la pili ni kwamba hali hiyo inaongeza sababu za kuwafundisha vijana wa mahali penyewe, wanaojua lini njia iko wazi, badala ya kutegemea mtaalamu atakayefika mara moja na asirudi. Jibu la tatu linawahusu waliokimbia. Familia inayorejea baada ya miaka mitatu na kukuta shamba lake limegeuzwa mashimo, au limefukiwa na mtu asiyejulikana, ina haki ya kujua italima nini na wapi. Daftari la viunzi, likiwapo, litakuwa ushahidi wake mbele ya mwami na mbele ya hakimu. Amani haiji siku moja kila mahali. Inapofika kijiji kimoja, kazi ianze hapo.

Inabaki hoja ya sheria. Sheria ya madini ya Kongo ya mwaka 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inazidai kampuni mpango wa mazingira na dhamana ya fedha kwa ajili ya kukarabati. Mchimbaji wa mikono naye anatakiwa kuheshimu masharti ya kulinda mazingira, lakini hana dhamana aliyoiweka, na shimo likiisha dhahabu yeye huhama. Nani basi atadaiwa? Mtu mmojammoja hawezekani. Lakini marekebisho ya mwaka 2018 yanawataka wachimbaji wa mikono wajiunge katika ushirika uliosajiliwa, na ushirika una jina, una viongozi, na una eneo. Hapo pana mlango. Ushirika unaotaka eneo jipya ungeonyesha kwanza namba za eneo la zamani: si picha za miche, bali viunzi 40, wastani wake, kadiri ya mashaka yake, na kipande jirani kilicholinganishwa nalo. Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben chenye wanafunzi wa sayansi za kilimo, na hakuna mazoezi bora kwao kuliko haya. Wazee wa vijiji wanajua mimea kwa majina ya Kinande ambayo hayamo katika vitabu vya chuo. Mwanafunzi alete hesabu, mzee alete majina, na kijiji kilete mikono, kama kinavyoleta siku ya salongo, ile kazi ya pamoja.

Mtu mwenye shaka atauliza: namba nazo si zinaweza kughushiwa? Zinaweza, kama vile mizani ya sokoni inavyoweza kuchezewa. Lakini hatukuacha mizani kwa sababu hiyo. Tulidai iwekwe mahali pa wazi. Kura ichomolewe mbele ya watu. Namba za viwanja zisomwe kwa sauti kabla ya mtu yeyote kuingia shambani. Daftari libaki kijijini, nakala iende chuoni. Na kwa kuwa viwanja vina namba, asiyeamini anaweza kurudi kesho na kiunzi chake kwenye kiwanja namba 117 na kuhesabu upya. Maneno ya sifa hayawezi kukaguliwa namna hiyo. Hesabu inaweza, na kwa sababu hiyo inamlinda pia fundi mwaminifu: aliyefanya kazi nzuri anapata ushahidi ambao mpinzani wake hawezi kuufuta kwa kelele.

Yote haya hayahitaji kungoja serikali mpya wala mfadhili mpya. Yanahitaji tuihamishie ardhi tabia ambayo soko la Butembo linaifuata kila siku kwa gunia la kahawa. Gunia likiharibika hasara ni ya msimu mmoja. Ardhi ikipokelewa kabla ya kupona, hasara hurithiwa na watoto na wajukuu. Basi siku shamba lililochimbwa litakaporudishwa kwa mwenyewe, mzee wa ukoo asiulize miche mingapi imepandwa. Aulize kura ilipigwa lini, nani alikuwapo, na viunzi vilisema nini. Kama hakuna wa kumjibu, asipokee.